Sawa ya Joram Mogaka

Ndugu waombolezaji, kisa mtakachosomewa leo Ijumaa hapa Mesaimeer, Doha, tarehe 7 Novemba 2025, na kitakachosomwa tena Nyabikondo siku ya maziko, Jumamosi tarehe 15, hamtakiamini. Mimi nilikuwepo, na siku nyingine sikiamini. Ni kisa cha mtu aliyetoa kilima kizima kwa neno moja la herufi nne, asipokee hata kipande cha sabuni, kisha akatumia uhai wake uliobaki kulifuata neno lile alirudishe kinywani. Mnaonifahamu mimi Reuben Ombati, mjomba wake, mnajua hadithi zangu hazikosi chumvi. Marehemu alijua kuwashinda nyote. Ndiyo maana aliniomba niandike wasifu huu angali hai, nimsomee kitandani, anipunguzie chumvi mwenyewe. Kwa hivyo mkikuta idadi ndogo humu, jueni ni yake. Mkikuta idadi kubwa, alikuwa amesinzia.

Marehemu Joram Mogaka alizaliwa tarehe 9 Agosti 1986 katika kijiji cha Nyabikondo, kaunti ya Nyamira, akiwa kifungua mimba wa dada yangu Roselyne na marehemu Paul Mogaka, aliyetutangulia mwaka 2003. Roselyne alishikwa na uchungu akipanda kutoka chemchemini, mtungi ukamwagika njiani. Nilikuwa nimeandika kwamba mtoto alizaliwa majini kama Musa. Marehemu akakata. Alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, na maji ya kumwosha yalitoka kwenye chemchemi ileile iliyo chini ya kilima cha malisho. Hilo la maji akasema libaki. Kwa wasiokijua, kilima hicho hakina mwenyewe. Wazee walikataa kukikata vipande, ng'ombe wa kila boma hupanda kula nyasi zake, na kijiji kizima hunywa kinachotoka chini yake.

Alisoma Shule ya Msingi ya Nyabikondo hadi darasa la nane mwaka 2001, kisha sekondari ya kutwa ya kijiji jirani, akamaliza kidato cha nne mwaka 2005. Mimi niliachia darasa la sita, kwa sababu shule na mimi hatukuelewana, lakini kwa huyu nilijivuna kama aliyefanya mtihani ni mimi. Walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja. Mwalimu akiuliza nani amevunja kioo, Joram aliinua mkono kabla hajakumbuka alikuwa wapi kioo kilipovunjika. Roselyne husema mtoto huyu alitoka tumboni akiomba msamaha.

Baada ya shule alipima majani kwenye kituo cha kununulia chai, na kule ndiko alikokutana na Loice Nyanchama, aliyekuwa akileta kikapu chake kila jioni. Mwaka 2010 alimwambia anataka kumwoa. Loice akajibu, "Sawa." Joram akafunga mizani, akakimbia kututangazia, na wiki hiyohiyo sisi wazee tukaenda kwa kina Loice tumevaa makoti. Tulipofika binti akatushangaa. "Ile sawa ilikuwa ya kumwondoa," akasema mbele ya baba yake. "Mvua ilikuwa inakuja, na kikapu changu kilikuwa hakijapimwa." Baba yake akamuuliza, "Sasa tuwarudishe hawa wazee na makoti yao?" Loice akamtazama Joram, akasema si lazima. Walioana kimila mwaka 2011, na kanisani tarehe 17 Desemba 2016. Mungu aliwajalia watoto wawili, Trevor na Fiona.

Kazi ya ulinzi aliianzia Nairobi, kisha Machi 2014 akanifuata hapa Doha. Kila mtu wa Nyabikondo aliyefika Doha amepitia mkononi mwangu, au tuseme wengi wao, au tuseme Joram. Aliwekwa kwenye lango la magari la jengo moja refu pale Al Sadd, na chumba akapata Al Rayyan pamoja na Iddi, kijana wa Tanga, dereva wa hoteli, ambaye mnamwona pale mlangoni na kofia yake mkononi. Siku za kwanza pale langoni zilikuwa vichekesho. Supavaiza wake Harun, Msudani, alikuwa akimwambia, "Joram, sawi." Kwa Kiarabu cha kazini sawi ni fanya. Joram alidhani anaulizwa kama yuko sawa. Akajibu kwa heshima, "Sawa," na akabaki amesimama. Harun akarudia, "Sawi." Naye, "Sawa kabisa, mudir," yaani bosi. Gari zikapanga foleni hadi barabarani, majirani wa mtaa wakitazama. Mwisho Harun akainua kizuizi mwenyewe, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu hapo ikawa salamu yao. Huyu husema sawi, yule hujibu sawa na mkono uko tayari kwenye kizuizi.

Sasa nifike pale ambapo ningependa kuparuka, lakini alinikataza.

Mwaka 2023 kampuni moja ilikuja Nyabikondo, ikataka kilima cha malisho ijenge nyumba za vigae vyekundu, iwauzie watu wetu walio Ghuba. Jina la kwenye mabango lilikuwa refu, wanakijiji wakauita mtaa ule Doha Ndogo. Kwa kuwa kilima ni cha wote, ilibidi wote waulizwe. Naibu wa chifu akaitisha baraza Alhamisi tarehe 18 Mei. Na kwa kuwa siku hizi kijiji hakiamui kitu bila wanaotuma pesa ya unga, sisi tisa tulio Doha tukapigiwa simu ya pamoja, na simu ya naibu ikawekwa kwenye kipaza sauti.

Wanane kati yetu tulikuwa tumezima sauti. Mmoja amelala baada ya zamu, mmoja kwenye basi la kampuni, mimi nakaanga vitunguu. Joram peke yake ndiye aliyeacha sauti wazi, kwa sababu tulimchagua awe mdomo wetu. Alikuwa langoni, simu mfukoni mwa shati, waya sikioni. Bwana wa kampuni akaeleza nyumba zake: vyumba vitatu, choo cha ndani, bomba la maji jikoni. Naibu wa chifu akainamia simu. "Watu wetu wa Doha, mnasemaje? Tuendelee?" Wakati huohuo gari jeupe lilikuwa limesimama mbele ya kizuizi, na Harun akanyoosha mkono kutoka kivulini, akimhimiza. "Joram, yalla, sawi."

"Sawa, sawa," akajibu Joram, akainua kizuizi, gari likapita.

Kule Nyabikondo kipaza sauti kikasema sawa mara mbili. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alikuwa amesimama kukataa. Akaketi. "Ikiwa watoto wanaotulisha wamekubali," akasema, "mimi ni nani." Na waliokuwa nyuma yake wakaketi pia. Joram alikuwa ameshatoa waya sikioni akimsalimia dereva wa pili. Sisi wanane tulisikia makofi vizuri. Tungeweza kufungua sauti tukauliza yanapigiwa nini. Hatukufungua. Vitunguu vyangu havikuungua, hilo ndilo naweza kuwaambia.

Mwezi wa Septemba tingatinga likapanda kilima. Joram alimpigia mama yake kwa video kama kawaida, akamkuta anamimina maji kupitia kitambaa.

"Mama, mbona unachuja?"

"Maji yamekuwa chai ya maziwa, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoanza kuchimba. Si mlikubali?"

"Nani alikubali, mama?"

"Tulisikia sawa kwenye kipaza. Nilijua sauti hata kabla hawajasema jina." Akakamua kitambaa. "Nikawaambia wenzangu, huyo ni wangu."

Iddi ndiye aliyekuwa chumbani siku ile, na anasema Joram alikaa na simu iliyozimika mkononi kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Kuanzia hapo hakumjibu mtu tena kwa neno lile. Ukimwambia chakula kiko tayari, anajibu, "Nimesikia." Ukimwambia tutaonana kesho, "Nimesikia." Harun akimwambia sawi, anainua kizuizi kimya, na Harun akaja kuniuliza kama amemkosea.

Iddi hakumwachia. "Nyinyi Wakenya mna mambo," alimwambia. "Kiswahili chenyewe mmekopa kwetu, sasa mnakirudisha neno mojamoja?"

"Hilo moja linaumiza watu, Iddi."

"Basi nipe mimi nilitunze. Kwetu halijamuua mtu."

Nao wakacheka, lakini hakulichukua tena.

Mtauliza mtu aliye Doha anapingaje nyumba zinazojengwa Nyamira. Hakuandamana, huku watu hawaandamani, na kazi aliitaka. Alifanya hivi. Kampuni ilipokodi ukumbi wa hoteli pale Al Sadd, Ijumaa moja ya Februari 2024, ije kutuuzia kilima chetu, Joram alipiga pasi shati lake jeupe, akaenda, akaketi safu ya mbele. Nilikuwa nimeandika kwamba ukumbi ulikuwa na watu mia tano. Akaniuliza viti vilitoka wapi. Walikuwa kama sitini, na sambusa zilikuwa za bure. Bwana wa kampuni alipomaliza picha zake, Joram akainua mkono, akasimama.

"Maji ya nyumba hizi yatatoka wapi?"

"Swali zuri, ndugu. Kuna chemchemi ya asili, haijawahi kukauka."

"Na wanaoinywa sasa watakunywa nini?"

"Hao wameridhia wenyewe. Hata wenzenu wa hapa Doha waliridhia, tunayo sauti yao." Akabonyeza kompyuta, na ukumbi mzima ukasikia: sawa, sawa. Watu wakapiga makofi.

"Huyo ni mimi," akasema Joram.

"Kumbe. Basi pita mbele, ndugu yangu, watu wakuone."

"Sikuja kuonekana. Nimekuja kuichukua."

"Kuchukua nini?"

"Sawa yangu. Hiyo hapo. Naitaka."

Bwana yule akacheka, na watu wakacheka naye. "Ndugu, sauti haina rivasi."

"Ndiyo maana nimekuja na miguu," akasema Joram, akakaa. Mama mmoja aliyekuwa ameshika sambusa akairudisha kwenye sahani. Wengine walinunua siku ileile. Baadhi yao wako hapa leo, wamevaa nguo nyeusi, wamekaa mbele yangu, na mniwie radhi kwamba siwatazami. Kampuni ilirudi mara nyingine na nyingine, ukumbi huu na ule, na kila mara Joram alikuwa safu ya mbele na swali lake lilelile la maji. Hakupaza sauti. Mwisho wakawa wanamletea chai kabla hajauliza, nayo ikapoa mbele yake.

Oktoba 2024 alichukua likizo, akaenda kwenye kikao cha kusikiliza malalamiko ya kijiji dhidi ya kampuni kule Nyamira, nami nikamsindikiza, maana bila mimi asingepata hata njia ya choo. Wakili wetu alikuwa na furaha. Alimweleza Joram kwamba kesi ni nyepesi. Harun alikuwa ameandika ushahidi wake na kusema waziwazi, mimi nilimwambia sawi, yeye akanijibu sawa, kila siku ndivyo tufanyavyo. Kilichobaki ni Joram aape kwamba sawa ile ilikuwa ya lango. Akiapa, ruhusa ya wanakijiji haipo, na tingatinga linarudi lilikotoka.

Joram akasimama mbele ya wazee watatu wa jopo la kikao. Roselyne na Loice walikuwa benchi la mbele. Akasema, na haya ni maneno yake kama alivyonirudishia mwenyewe: "Mdomo wangu ulimjibu Harun. Lakini nilikuwa nasikiliza huku pia. Bwana yule alikuwa anaeleza bomba la jikoni, nami nilikuwa nimeshamwona mama yangu jikoni, anafungua maji bila kuinama. Nilipenda. Mkiniuliza sawa ile ilikuwa ya lango au ya kilima, siwezi kuapa kwamba ilikuwa ya lango peke yake."

Wakili akafumba macho. Mwenyekiti wa jopo akavua miwani. "Na leo unasema nini?"

"Leo nakataa. Nimekuja kukataa kwa mdomo mtupu, bila simu."

Tulipotoka nje nilimfokea. Nilimwambia ametuua, ameshika kamba ya kumvutia ng'ombe nyumbani akaiachia mlangoni. Akaniambia, "Mjomba, ningeapa ningetoka mimi peke yangu, niko safi. Wale walioketi kwa sababu yangu ningewaacha wameketi, hawajatamka wenyewe." Roselyne alikuwa nyuma yetu. Alimshika mkono kama anavyomshika mtoto akivuka barabara, na walitembea hivyo mpaka kituoni, mtu wa miaka thelathini na minane na mama yake.

Jopo halikutupa ushindi, wala halikutunyima. Lilisimamisha ujenzi na kuamuru baraza jipya, kila mtu mzima atamke kwa kinywa chake nakubali au nakataa, na neno sawa lisiandikwe popote. Baraza hilo limeahirishwa mara kadhaa. Hivi sasa kuta za nyumba sita zimesimama kilimani bila paa, mbuzi hulala ndani, na maji bado yanachujwa. Tarehe mpya ni Jumamosi tarehe 22 Novemba, wiki moja baada ya kumzika. Sisi wanane wa Doha tunaruhusiwa kutamka. Wengine kati yetu tumeshalipia nyumba. Marehemu alilijua hilo, alijua hata majina, na bado alikuwa akituamkia.

Februari 2025 miguu yake ilianza kuvimba. Madaktari wakagundua ni figo, na akaanza kusafishwa damu katika hospitali moja hapa Doha. Nilikuwa nimeandika kwamba aliugua kwa sababu alikataa kunywa maji safi huku mama yake akichuja matope. Akasema niache hayo, ni jua na zamu, na hata baba yake figo zilikuwa mbaya. Alitaka kurudi nyumbani akatamke kwenye baraza, lakini madaktari hawakumruhusu asafiri. Iddi alimletea uji kila alipotoka kazini, wa unga wa wimbi uliotumwa na Roselyne, na kuukoroga alikuwa hajui.

"Huu ni uji au ni zege?" Joram alimuuliza siku moja.

"Kunywa. Si unapinga ujenzi, umalize zege ya watu."

Ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akicheka kwa sauti. Alitutoka Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, adhuhuri, Iddi akiwa pembeni yake. Iddi alinipigia akasema, "Mzee Reuben, kalala. Alikuwa ananisikiliza, kisha nikaona nazungumza peke yangu."

Marehemu ameacha mama yake, Roselyne. Mjane wake, Loice Nyanchama. Watoto wake, Trevor na Fiona. Mjomba wake, mimi. Na Iddi, ambaye kamati ilimwandika rafiki na mimi nimemwandika ndugu. Ameacha pia kijiji ambacho hakijatamka.

Mstari wa kufunga nilimsomea Jumapili tarehe 2, siku mbili kabla. Tarehe ya mwisho niliiachia pengo na yeye alilijua pengo ni la nini. Nilisimama kusoma, kwa sababu mstari mzuri hausomwi umekaa. Nilisoma hivi: Mungu ampokee Joram Mogaka, amlaze usingizi usio na zamu, mtu ambaye hata mara moja, hata moyoni, hata kwa nusu ya kope, hakukubali kilima cha Nyabikondo kijengwe, bali tangu neno la kwanza alisimama akaka—

"Mjomba," akasema, macho yamefumba. "Nilikubali kwanza. Anzia hapo."